Je, Yatosha Kila Mtu Ajilinde Mwenyewe?



Kila mara masomo yanapokaribia kuanza, tunasikia maneno yale yale katika nyumba nyingi. Baba amekwisha kupata minervali kwa shida. Mama ameuza ndagala na mihogo mpaka amepata godoro na sufuria ndogo. Mtoto amesimama mlangoni na mzigo wake. Ndipo wazazi wanamwambia: Uangalie maisha yako. Usiingie katika mambo ya watu. Ukisikia kelele usiku, wewe lala. Kiisha wanamwombea, naye anakwenda. Mmoja anakwenda Bukavu kwa njia ya Luvungi na Kamanyola mpaka milima ya Ngomo. Mwingine anavuka mpaka wa Kavimvira kwenda Bujumbura. Mwingine anashuka Kalundu kutafuta mashua ya Kalemie kusudi aendelee hadi Lubumbashi. Na wako wasiokwenda mbali: wanabaki hapa Uvira katika chumba cha kupanga, na usiku ni ule ule.

Hatuyadharau maneno hayo ya wazazi. Nani katika sisi hajui hofu? Katika mwaka 2025 tuliona Goma ikianguka mwezi wa kwanza, Bukavu mwezi wa pili, na mwezi wa kumi na mbili vita ikafika Uvira yenyewe, maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi na vitu walivyoweza kubeba kichwani. Mzazi aliyepita katika mambo hayo akimwambia mtoto wake ajifiche, tunamwelewa. Lakini tunataka kuyapima maneno yake, kwa sababu mtoto atayachukua na kuishi nayo miaka mitatu au mitano katika mji wa wageni. Je, mtu anaweza kulindwa kwa kujiangalia mwenyewe tu? Na hata kama anaweza, je, ni vema?

Wako watu ambao inafaa kuwajibu kwanza, kusudi tusirudi kwao tena. Ni wale wanaosema kwamba kufunga mlango kwa kufuli, kuuliza jina la mwenye pikipiki, kukataa kutembea usiku, yote ni kukosa imani. Kwamba mwenye kuomba hapatwi na neno. Tunawauliza: Yusufu alipoonywa juu ya Herode, alifanya nini? Malaika hakumjengea ukuta wa moto kuzunguka nyumba. Alimwambia aamke, naye akaamka usiku ule ule, akamchukua mtoto na mama yake, wakashika njia ya Misri. Na Nehemia, alipojenga ukuta wa Yerusalemu huku adui wakimzunguka, aliomba, na pamoja na kuomba akaweka walinzi usiku na mchana. Basi hapo hakuna ugomvi. Anayefunga mlango na anayepiga magoti anaweza kuwa mtu mmoja.

Kwa hiyo mambo ya kawaida tunayasema haraka, maana mnayajua. Usitembee peke yako giza likiingia, hasa kule umeme unakokatika na avenyu nzima haina taa. Usiweke pesa zote mahali pamoja. Usitoe simu njiani kuionyesha watu. Panda pikipiki ya mtu anayejulikana. Usinywe kinywaji ambacho hukuona kikifunguliwa. Mwache mtu mmoja ajue unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Haya yote ni mema, na kijana anayeyacheka hana akili.

Lakini angalieni: hata katika haya, lile la mwisho haliwezekani kwa mtu anayeishi peke yake. Atamwambia nani?

Na iko hatari nyingine ambayo kufuli haiizuii, wala haingoji usiku. Inakuja mchana, katika ofisi, na mwenye kuileta amevaa koti na tai. Ni yule mwalimu anayemwambia msichana kwamba pointi zake zipo, lakini aje kuzitafuta peke yake jioni. Katika vyuo vyetu jambo hilo linajulikana sana, hata vijana wamelitungia majina ya mzaha, na mzaha huo ni mbaya kwa sababu unalifanya lionekane kama mvua, kitu ambacho hakuna anayekileta. Wala si kwetu tu. Mwaka 2019 waandishi wa BBC walionyesha, kwa picha zilizochukuliwa kwa siri, walimu wa vyuo vikuu vya Lagos na Accra wakifanya vile vile. Katika nchi yetu sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya makosa ya kingono inamhesabu kuwa mkosaji yeye anayetumia cheo chake kumsumbua mtu hivyo. Sheria iko. Lakini sheria inataka shahidi, na msichana aliyefundishwa na wazazi wake kwamba kila mtu aangalie maisha yake anaingia ofisini mle peke yake na kutoka peke yake. Anayemsaidia ni mwenzake anayekwenda naye, anayeketi nje ya mlango huku mlango umeachwa wazi, na ambaye kesho hataogopa kusema: Nilikuwapo, nilisikia. Mwenzake huyo naye alikwisha kuambiwa na mama yake asiingie katika mambo ya watu.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Neno hili la kila mtu kujiokoa lilikwisha kupimwa katika nchi yetu, na wenye umri wanakumbuka. Ilikuwa wakati wa Zaire, mwaka 1990. Tarehe 24 Aprili Rais Mobutu alikuwa ametangaza kwamba chama hakitakuwa kimoja tena. Wanafunzi walisisimka katika miji mingi. Katika kampasi ya Lubumbashi wanafunzi waliwashika wenzao waliowashuku kuwa wapelelezi wa serikali, wakawapiga vibaya. Hilo lilikuwa kosa, na halipunguzwi na lile lililofuata. Kiisha, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, umeme ulikatwa, na watu wenye silaha wakaingia katika nyumba za wanafunzi, wakipita mlango kwa mlango. Walionusurika walisimulia kwamba kulikuwa na neno la siri. Aliyeambiwa neno la kwanza na kujua kujibu la pili alipitwa. Asiyejua alikatwa. Na neno lile lilikuwa limetangulia kufika masikioni mwa wanafunzi wa sehemu fulani ya nchi, kusudi waokoke. Hesabu ya waliokufa haikukubaliwa na wote: serikali ilikubali mfu mmoja, wengine walitaja makumi, wengine zaidi. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa, na ushirikiano wa nchi mbili ukavunjika.

Watu wamezungumza sana juu ya amri ilitoka wapi, na ni haki waendelee kuuliza. Sisi hapa tunafikiri juu ya kijana mmoja ambaye hatumjui jina. Amelala katika chumba chenye vitanda viwili. Ameambiwa neno la siri mchana. Mwenzake wa kitanda cha pili, ambaye wamekula naye sahani moja tangu mwanzo wa mwaka, hakuambiwa, kwa kuwa amezaliwa mahali pengine. Giza linaingia. Je, kijana huyo atamwambia mwenzake? Ikiwa ameshika vema maneno ya nyumbani, atanyamaza. Amejiangalia mwenyewe, hakuingia katika mambo ya watu, na asubuhi atakuwa mzima. Mama yake atamshukuru Mungu. Lakini mama wa yule mwingine naye alikuwa ameomba. Tunasema kwamba ulinzi unaofungua mlango kwa mmoja na kuufunga kwa mwenzake wa chumba kimoja si ulinzi, ni zamu. Leo neno la siri ni la lugha yako. Kesho litakuwa la lugha nyingine.

Ng'ambo ya ziwa letu, katika milima ya Bururi, walipimwa vijana wengine. Usiku kuamkia mapambazuko ya tarehe 30 Aprili 1997, wakati wa vita ya Burundi, watu wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Buta, wakawakuta wanafunzi katika chumba chao cha kulala. Wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Wanafunzi walikataa kutengana. Walipigwa risasi na kurushiwa maguruneti, na vijana arobaini wakafa. Mkubwa wa seminari, Padri Zacharie Bukuru, aliyeokoka, aliandika kitabu juu yao. Sisi si wa kanisa lile, na yapo mambo ambayo hatuoni kama wao. Lakini vijana hao tunawataja kwa heshima.

Hapa mtu mwenye akili atatushika mkono na kusema: Ngojeni. Mnatuambia kwamba kujitenga si ulinzi, nanyi mnatuletea mfano wa arobaini waliokufa kwa sababu hawakujitenga. Wangejitenga, huenda sehemu yao wangeishi. Je, mnataka mtoto wangu afe?

Swali ni la kweli, wala hatutalikimbia. Jibu letu ni kwamba hapana, hatutaki afe, wala hakuna mzee wa kanisa mwenye ruhusa ya kumwamuru mtoto wa mtu kufa kwa ajili ya mwenzake. Jambo kama la Buta haliagizwi. Mtu analitoa mwenyewe au halitoi, na asiyelitoa mbele ya bunduki hatuwezi kumhukumu sisi tunaoandika haya mchana tukiwa na kikombe cha chai. Lakini tunaona mambo mawili. La kwanza, wenye bunduki wanategemea jambo moja kila mahali: kwamba tutajichagua wenyewe, kwamba tutaifanya nusu ya kazi yao. La pili, si kila mara kukataa kutengana kunaleta kifo. Mara nyingine kunakizuia.

Angalieni Kenya. Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera, wauaji wa Al-Shabaab walisimamisha basi, wakawatenga wasio Waislamu, wakawaua watu 28. Tarehe 2 Aprili 2015 waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa, wakawatenga tena. Watu 148 walikufa, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Walioingia walikuwa wanne tu. Kiisha, tarehe 21 Desemba mwaka ule ule wa 2015, walisimamisha basi lingine katika njia ya Mandera, karibu na El Wak. Wakaamuru vile vile. Lakini safari hii akina mama Waislamu walikuwa wamewapa akina mama Wakristo vitambaa vyao wajifunike, na abiria wakakataa kutengana, wakawaambia wauaji kwamba wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili walikufa siku ile, na mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, aliyepigwa risasi kwa kukataa, alifariki mwezi wa kwanza wa mwaka 2016. Ni hasara kubwa. Lakini mkiliweka basi hili karibu na lile la mwaka uliotangulia, mtaona tofauti.

Hatusemi kwamba wanafunzi wa Garissa walikosa ujasiri. Waliamshwa alfajiri na risasi, na msaada wa askari waliozoea kazi kama ile ulichelewa saa nyingi. Tunataja Garissa pia kwa sababu ya mambo yaliyofuata, ambayo hayazungumzwi sana, nayo yanatufundisha zaidi sisi watu wa kawaida.

Siku kumi tu baadaye, tarehe 12 Aprili 2015, kabla ya mapambazuko, mtambo wa umeme ulilipuka karibu na bweni la Chuo Kikuu cha Nairobi, katika kampasi ya Kikuyu. Hapakuwa na adui. Wanafunzi walidhani ni Garissa ya pili, wakaruka madirishani kutoka ghorofani. Mwanafunzi mmoja alikufa, na zaidi ya mia moja waliumia. Na tarehe 30 Novemba mwaka ule, katika Chuo Kikuu cha Strathmore, pale pale Nairobi, wakubwa waliandaa zoezi la kuigiza shambulio, kusudi watu wajifunze kujilinda. Risasi zikalia, na wengi hawakujua kwamba ni mchezo. Mfanyakazi mmoja aliruka, akafa, makumi waliumia. Tafakarini hilo, wapendwa. Mtu alikufa kwa mazoezi ya usalama.

Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja alikuwa na masikio yake, miguu yake na dirisha lake, na hapakuwa na mtu wa kuamini neno lake. Hofu ya mtu aliye peke yake haina wa kuuliza. Panapokuwa na watu waliozoea kuambiana kweli, mmoja akisema ni umeme, wengine wanakaa. Kuaminiana huko hakununuliwi siku ya hatari. Kunawekwa kidogo kidogo kwa mambo madogo: aliyeazima sufuria akairudisha, aliyesema atarudi saa mbili akarudi saa mbili.

Turudi sasa katika vyumba vyetu vya kupanga, maana wengi wa watoto wetu, Mungu akipenda, hawatakutana kamwe na jeshi la usiku. Watakutana na mwizi. Ni usiku wa manane, mlango wa bati unavunjwa, msichana katika chumba cha tatu anapiga kelele. Avenyu nzima imeamka. Kila mmoja anajua kwamba jirani yake ameamka. Na kila mmoja ananyamaza.

Sababu zao zipo, na si za kijinga. Mwizi anaweza kuwa na bunduki, na mara nyingine amevaa nguo za kazi. Anaweza kuwa mtoto wa mtu wa avenyu ile ile. Atakayetoa ushahidi ataitwa mara tano katika ofisi, na kila mara ataulizwa faranga za karatasi. Mtu mmoja anayetoka peke yake na fimbo ni mtu wa kuzikwa. Yote ni kweli. Lakini kati ya kutoka peke yako na kunyamaza kuna mambo mengine, na watu wa miji yetu ya Kivu wamekwisha kuyavumbua wenyewe: filimbi, na sufuria inayopigwa kwa mwiko. Nyumba moja ikianza, ya pili inaitikia, mpaka mlima wote unalia. Hakuna aliyefungua mlango wake, hakuna aliyejionyesha, lakini mwizi hawezi kupiga risasi nyumba arobaini. Hapo ndipo tunapoweka mpaka wa deni letu. Kupigana na mwenye bunduki si lazima kwa mtu yeyote. Kupiga sufuria ni lazima kwa kila mtu. Anayeweza kupiga akalala, yeye ametuzidi katika kujiangalia, nasi hatumsifu.

Na iko hatari katika hili pia, ambayo tusipoitaja tutakuwa tumeanzisha moto mwingine. Kelele zinapoleta watu wengi, na watu wengi wakamshika mtu, mara nyingi haulizwi kitu. Mawe yanaanza, na mara nyingine tairi na mafuta. Wengine kati yetu wanaona kwamba hiyo ni haki, kwa kuwa mwizi akipelekwa polisi kesho anarudi kupita mbele ya mlango wako akicheka. Uchungu huo tunaujua. Lakini mjiulize: katika mtaa, ni nani asiyejulikana na mtu? Ni nani anayepita saa mbaya, kwa kuwa amechelewa kusoma kwa rafiki mwenye umeme? Ni nani anayesema kwa lafudhi ya mahali pengine? Ni mwanafunzi. Mtoto wetu aliyekwenda mbali ndiye mgeni wa huko.

Nigeria wamekwisha kulia juu ya hilo. Tarehe 5 Oktoba 2012 vijana wanne wa Chuo Kikuu cha Port Harcourt walishikwa katika kijiji cha Aluu, karibu na chuo. Mtu alipiga kelele ya wizi. Watu wakakusanyika, wakawavua nguo, wakawapiga na kuwachoma moto, wengine wakichukua picha. Baadaye ilielezwa kwamba kijana mmoja kati yao alikuwa amekwenda kudai deni lake. Mwaka 2017 mahakama iliwahukumu kifo watu watatu, na mmoja wao alikuwa polisi. Wote waliosimama pale, tunadhani, wangesema kwamba walikuwa wakilinda mtaa wao. Basi sufuria ipigwe, watu watoke, na aliyeshikwa afungwe mikono, aulizwe jina, aitwe shefu wa avenyu, naye apelekwe akiwa hai. Asiwepo hata mmoja wa kwetu anayeokota jiwe. Kama kuna mshiriki wa kanisa anayeona kwamba tunawahurumia wezi mno, tunamwomba amtie mtoto wake mwenyewe katika kundi lile, upande wa kati.

Kwa hiyo, mzazi atamwambia nini mtoto mlangoni? Sisi tungemwambia hivi. Ukifika, kabla ya kutandika godoro, nenda ukasalimu. Msalimu mwenye nyumba, mama anayeuza makaa pembeni, mkubwa wa nyumba kumi, wenzako wa vyumba vile vingine. Waambie jina lako na kwenu, uulize lao. Siku utakayoanguka njiani, hao ndio watakaosema: Huyu ni wa kwetu. Patana na wenzako juu ya ishara ya usiku. Msichana asiingie ofisi ya mtu peke yake, na mvulana asione haya kuketi nje akimngojea dada yake wa darasa. Ukipata habari ya hatari, ukaambiwa uiweke siri kwa watu wa kabila lako tu, ujue kwamba umekwisha kupewa neno la Lubumbashi. Liseme kwa sauti. Na uangalie maisha yako, ndiyo. Hilo hatuliondoi.

Neno moja linabaki, nalo linatuhusu sisi wenyewe hapa Nyamianda, si watoto walio mbali. Kwetu pia wapo wanafunzi waliotoka kwingine: Fizi, Mwenga, milima ya juu, Bujumbura. Wamepanga katika nyumba zetu. Tunajua kodi ya chumba, lakini je, tunajua majina yao? Mama wa Mwenga amemwambia mtoto wake maneno yale yale tuliyowaambia wetu, na anategemea mtu asiyemjua. Mtu huyo ni wewe mwenye kiwanja.

Na mikesha yetu. Maombi yanapokwisha saa kumi ya usiku, tunaimba wimbo wa mwisho, tunapeana mikono, kiisha tunawaacha wasichana warudi vyumbani gizani, wawili wawili, wengine mmoja mmoja, saa mbili nzima kabla ya jua. Tangu sasa wazee wamekubaliana kwamba mlango wa nyumba ya maombi hautafungwa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Anayeishi mbali alale humo mpaka kupambazuke, akina mama upande wa kulia, wanaume upande wa kushoto, na taa iwake. Anayelazimika kuondoka mapema, ajiandikishe kwa vijana wanne ambao kazi yao itakuwa kusindikiza, nao wasiende chini ya wawili. Mikeka iliyopo ni kumi na miwili, na tunahitaji kama thelathini. Mwenye mkeka wa zamani ambao bado unaweza kulaliwa, aulete siku ya Jumamosi baada ya kufagia.